Posho ya Ughali

Kabla ya chai naitazama yeni
kama wenzangu wanavyotazama mawingu.
Leo imepanda. Maana yake dola yetu
imesinyaa usiku, sisi tumelala,
kama sweta ya sufu iliyofuliwa kwa maji ya moto.

Mama mkwe ameandika kutoka Opelousas:
Nyinyi mnaishi bure. Duka la jeshi, daktari wa jeshi.
Basi mtumieni Lucien chochote, gari lake limekufa gia.
Nimesoma mara mbili.
Bure.

Nyumba za kambini zimejaa, foleni ni miezi kumi na minne,
kwa hiyo tumepanga nje ya geti, kwa Bi Tozawa.
Kabla ya kupewa ufunguo tulilipa mwezi wa dhamana,
mwezi wa dalali,
na mwezi mmoja wa shukrani, ambao haurudi.
Shukrani yenye bei! Alcide alicheka
mpaka alipopewa kalamu.

Kodi naipeleka taslimu, ndani ya bahasha.
Noti zenye mikunjo Bi Tozawa huzipokea pia,
lakini huniuliza kama nimekula.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
mimi nilipewa koleo la theluji,
jekundu, mpini umefungwa utepe,
na hadi leo sijui kama lilikuwa zawadi
au liliingizwa kwenye kodi.

Jumanne na Ijumaa hupita kigari cha mafuta ya taa
kikipiga wimbo wa watoto.
Ansel wangu, miaka sita, anaujua wote
kuliko ule wa bendera yake.
Madumu manne. Mzee anajaza bila kumwaga tone,
anafuta mdomo wa dumu kwa kitambaa
kana kwamba dumu limekula uji.

Daftari la Novemba:
Mafuta ya taa, nimeshasema.
Maziwa ya duka la kambini, yamepanda tena;
yamevuka bahari nyingi kuliko mume wangu.
Viatu vyangu vya theluji: mjini hakuna mguu wa namna hii.
Mwenye duka alipima, akamwita mkewe aje aone.
Nimeagiza kwa posta, wiki tano.
Theluji haikuagizwa, imefika.
Tiketi za Krismasi: nilizitazama tu.

Halafu barua ya ofisi ya mishahara:
posho ya ughali wa maisha imerekebishwa.
Mama yangu alikuwa fundi cherehani, nalijua neno hilo.
Nguo hurekebishwa kwa kuongezwa kitambaa
au kwa mkasi.

Alcide hupiga simu Jumapili
kutoka mahali asiporuhusiwa kupataja.
Mna joto?
Tuna joto, nasema, na si uongo:
vyumba viwili nimevifunga,
tunalala watatu katika kimoja,
mimi, Ansel na jiko.
Ansel anadhani tunacheza kambi.
Baba yake anacheza kambi gani, sijamuuliza.

Jana, matofaa sita kizingitini, yamefungwa kwa gazeti,
yenye madoa, yale yasiyouzika.
Hapa mfuko haurudi mtupu.
Nikapekua kabati, nikakumbuka boksi la mama mkwe,
pekani za mti wa uani kwake,
amezibangua mwenyewe kwa vidole vile vya baridi yabisi.
Nilipolifungua upande ule mwingine nikaona
stika ya posta: dola thelathini na nne.
Thelathini na nne, kwa kitu kinachoanguka chenyewe.

Nilikaa chini sakafuni, na koti langu.

Nikapika peremende za pekani, nusu kwa Bi Tozawa.
Nikamtumia Lucien hamsini.
Hiyo sijaiandika daftarini,
na Alcide akisoma haya, basi ndiyo ameambiwa.

Leo Ijumaa. Wimbo umefika kona ya duka la mchele.
Ansel, vaa glavu.
Toa madumu. Mawili tu.